Mgeni wa Siku Mbili: Baiskeli na Sauti ya Mwenyeji katika Vitabu vya Dervla Murphy

Utangulizi

Masimulizi ya safari ni miongoni mwa tanzu kongwe za nathari ya Kiswahili. Kabla riwaya haijakita mizizi katika lugha hii, walikuwapo watu wa pwani waliosimulia habari za bara na za nchi za mbali, na masimulizi yao yakaandikwa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Ujerumani mkusanyo wa masimulizi ya namna hiyo ulioitwa Safari za Wasuaheli. Hata hivyo, uhakiki wetu aghalabu umeutazama utanzu huu kama ghala ya historia tu. Wataalamu huingia humo kuchukua tarehe, majina ya watemi na bei za pembe, kisha hutoka bila ya kuuliza msimulizi amesimama wapi, anatazama kwa jicho gani, na ni nani aliyepewa nafasi ya kusema.

Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo kuhusu tawi moja dogo la utanzu wenyewe, nalo ni masimulizi ya watu waliosafiri kwa baiskeli masafa marefu, wakipita katika nchi za milima, majangwa na barabara mbovu. Vitabu viwili vya mwandishi wa Ireland, Dervla Murphy, ndivyo vitakavyochunguzwa zaidi: Full Tilt cha mwaka 1965, kinachosimulia safari ya kutoka Ulaya hadi India, na The Ukimwi Road cha mwaka 1993, kinachosimulia safari ya kutoka Kenya hadi Zimbabwe. Kitabu cha pili kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, njia yake inapita katika nchi zetu. Pili, kimebeba neno la Kiswahili katika jina lake, na neno hilo ni jina la ugonjwa uliozika watu wengi wa nchi hizo.

Hoja ya msingi ni hii. Baiskeli humfikisha msimulizi mlangoni mwa mwenyeji akiwa amechoka, ana njaa na hana ngao, na kwa hiyo humfanya awe mgeni wa kweli. Lakini baiskeli hiyohiyo humwondoa alfajiri. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri wa baiskeli ni mgeni asiyefika siku ya tatu. Nguvu ya masimulizi yake na udhaifu wake vyote viwili vinatokana na jambo hilo moja.

Watangulizi

Haifai kumhukumu Murphy kana kwamba yeye ndiye aliyeifungua njia. Miaka themanini kabla yake, Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, aliondoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884 akiwa juu ya baiskeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na gurudumu dogo nyuma. Agosti mwaka huo alifika Boston. Mwaka uliofuata alianza tena kutoka Liverpool, akavuka Ulaya, milki ya Waturuki na Uajemi. Akazuiliwa Afghanistan na kurudishwa, akazunguka hadi akaingia India, kisha akapita China na kumalizia safari yake Yokohama, Japani, Desemba 1886. Masimulizi yake yalitoka katika juzuu mbili, mwaka 1887 na 1888.

Katika juzuu hizo wenyeji ni umati. Kila anapoingia mjini watu humzunguka na kumtaka apande chombo chake wakione kinavyokwenda, na huko Tehran hata Shah wa Uajemi alitaka kumwona akiendesha. Kwa hiyo njiani Stevens ndiye tamasha na wenyeji ndio watazamaji. Lakini akishika kalamu mambo hugeuka, na wale waliokuwa wakimtazama huwa sasa tamasha la wasomaji wa Marekani na Uingereza. Mtu huyuhuyu alitumwa na gazeti la Marekani mwaka 1889 kuja Afrika ya Mashariki kutafuta habari za Stanley, na mwaka 1890 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Hapana ajabu, basi, kwamba jicho lake hata juu ya baiskeli ni jicho la mpelelezi. Chombo kilikuwa kipya, lakini msimamo ulikuwa ule wa kale.

Kazimierz Nowak, Mpoland, alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliondoka Tripoli Novemba 1931, akafika ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1934, kisha akageuka na kurudi kaskazini hadi Algiers, alikofika Novemba 1936. Mwendo wote ulikuwa kama kilomita 40,000. Baiskeli ilipomshinda alitembea kwa miguu, akapanda farasi, ngamia na mtumbwi. Alikuwa fukara, na makala na picha alizozipeleka magazetini ndizo zilizolisha familia yake nyumbani. Malaria ilimsumbua mara kwa mara. Alikufa mwaka 1937, na maandishi yake yakabaki yametawanyika magazetini hadi yalipokusanywa kuwa kitabu mwaka 2000. Nowak aliwalaumu wakoloni waziwazi kwa jinsi walivyowatendea Waafrika, na si vigumu kuona kwa nini. Mtu anayelala kijijini na kula chakula cha wanakijiji huona kodi na kazi za lazima kutoka upande wa wanaozilipa.

Mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba baiskeli peke yake haimbadilishi msimulizi. Stevens alipita kama mtawala anayekagua, ilhali Nowak alipita kama mtu mwenye haja. Kinachobadilisha masimulizi ni kiasi cha haja ambacho msafiri anakubali kuwa nacho mbele ya mwenyeji. Katika mstari huo Dervla Murphy yuko karibu zaidi na Nowak kuliko Stevens.

Fani ya Full Tilt

Murphy alizaliwa Lismore, Ireland, Novemba 1931. Alipotimiza miaka kumi alipewa baiskeli kuukuu na kitabu cha ramani, na siku chache baadaye akaamua kwamba siku moja angekwenda India kwa baiskeli. Aliacha shule akiwa na miaka 14 ili amtunze mama yake, ambaye maradhi ya viungo yalikuwa yamemlemaza. Mama huyo alifariki mwaka 1962. Januari 1963, katika mojawapo ya majira ya baridi makali kabisa yaliyopata kuikumba Ulaya katika karne ile, binti akaanza safari aliyoingoja kwa zaidi ya miaka 20.

Baiskeli yake aliiita Rozinante, jina la farasi mkondefu wa Don Quixote, na kwa kifupi Roz. Jina hili si mapambo. Don Quixote ni mhusika anayechekwa kwa sababu anaikabili dunia kwa zana duni, na mwandishi anapojipa farasi wa mtu huyo anamwomba msomaji asimchukue kuwa shujaa. Kadhalika, kabla ya kuondoka aliziondoa gia za baiskeli, kwa kuwa aliona ni dhaifu mno kwa barabara za Asia. Kwa lugha ya uhakiki, kitendo hicho ni cha kifundi na cha kifani kwa pamoja. Anapunguza zana ili apunguze umbali baina yake na watu atakaowakuta. Hata hivyo, msomaji asisahau kwamba alichukua pia bastola, na kwamba aliitumia: kwa mbwamwitu katika msitu wa Yugoslavia, na baadaye huko Uajemi kwa watu waliotaka kumnyang'anya baiskeli. Unyenyekevu wa zana ulikuwa na mpaka, na mwandishi haufichi mpaka huo.

Kitabu kimeandikwa kwa muundo wa shajara. Murphy aliandika habari za kila siku na kuzituma nyumbani kwa marafiki, na kilichochapishwa hakikufanyiwa marekebisho makubwa. Fani hii ina faida iliyo wazi. Msimulizi anayeandika jioni hajui litakalotokea kesho, kwa hiyo haandiki kwa hekima ya mtu aliyekwisha kufika. Hofu yake ni hofu ya siku ile, na furaha yake vilevile. Mfano mzuri ni tukio la Afghanistan. Akiwa ndani ya basi palizuka ugomvi wa abiria, na kitako cha bunduki kikampiga na kumvunja mbavu. Mtu mwingine angelifanya tukio hilo kuwa ushahidi wa ukatili wa nchi nzima. Murphy analisimulia kama ajali, na mapenzi yake kwa Waafghani hayapungui kurasa zinazofuata. Shajara inamlinda na kishawishi cha kujumlisha mambo upesi.

Huko Pakistan alilazimika kuisukuma na kuibeba Roz katika theluji ili avuke mlango wa mlima wa Babusar, ulio juu zaidi ya mita 4,000. Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa na mhakiki. Katika masimulizi ya kawaida ya safari, chombo humbeba msafiri. Katika masimulizi ya baiskeli yanayopita nchi ngumu, hufika mahali msafiri hukibeba chombo. Uhusiano wa bwana na mtumishi hugeuka, na kugeuka huko hutayarisha uhusiano mwingine kugeuka: msafiri aliyebeba mzigo wake mwenyewe mlimani hawezi tena kumwamuru mchungaji anayemkuta huko. Humwomba. Sehemu zilizo bora zaidi za Full Tilt ni zile za kuomba na kupewa: chai, mkate, mahali pa kulala, na mtu wa kuonyesha njia.

Lakini shajara ina hasara pia. Kila jioni huleta mwenyeji mpya, na kila asubuhi humwacha. Wahusika huingia wakiwa wakarimu na kutoka wakiwa wakarimu, na hapana nafasi ya kuwajua katika magomvi yao, madeni yao na misiba yao. Mtu anayejulikana kwa usiku mmoja tu hujulikana kwa adabu zake. Hapo ndipo methali ya siku mbili inapoanza kufanya kazi katika uhakiki wa kitabu hiki. Ukarimu ni kweli, lakini ni ukweli wa siku ya kwanza.

Baiskeli ya hiari na baiskeli ya lazima

Kabla ya kukiingia kitabu cha pili, hapana budi kuieleza tofauti ambayo wasomaji wa Ulaya huenda wasiione. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki baiskeli ni chombo cha kazi. Juu ya keria hupandishwa magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, vibuyu vya maziwa na madumu ya maji. Mgonjwa huketishwa hapo na kupelekwa zahanati, na pengine maiti hurudishwa nyumbani kwa njia hiyohiyo. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waendeshaji walianza tangu miaka ya 1960 kuwavusha abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kutokana na mwito wao lugha ikapata neno bodaboda. Siku hizi neno hilo limehamia zaidi kwenye pikipiki, lakini asili yake ni pedeli na mnyororo.

Basi mtu anapokuja kwa hiari yake kupanda baiskeli kutoka nchi hadi nchi, anatumia chombo cha mwenyeji kwa kusudi ambalo si la mwenyeji. Murphy aliziondoa gia za Roz ili awe mnyonge kidogo, ilhali mwendeshaji wa Busia hakuwa na gia za kuondoa. Mmoja amechagua uchache na mwingine amezaliwa ndani yake. Anayechagua ana pasipoti mfukoni na nauli ya kurudi kwao, na mpaka ambao humzuia mwenyeji humfungukia yeye.

Pana wahakiki ambao wangekomea hapo na kuitupilia mbali fasihi yote ya namna hii kuwa ni mchezo wa tabaka lenye nafasi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Jua halimwulizi msafiri tabaka lake, wala mteremko wenye mawe haumwonei huruma kwa pasipoti yake. Mwili uliochoka hujifunza mambo ambayo mwili ulioketi ndani ya gari la kioo haujifunzi: hujua barabara inapandia wapi, maji yako umbali gani, na mwanamke aliyebeba kuni kichwani ametoka mbali kiasi gani. Hayo ni maarifa, na kitabu kinachoyaleta kina thamani. Swali ni kama maarifa ya mwili yanatosha pale jambo linalosimuliwa linapokuwa kubwa kuliko barabara.

The Ukimwi Road: njia inapokataa kuwa likizo

Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, Murphy aliondoka Kenya akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe. Alitarajia safari ya kujiburudisha isiyokuwa na ajenda. Badala yake kila alikopita watu walizungumza naye habari za UKIMWI, hata jambo hilo likatwaa kitabu na jina lake. Huko kusini mwaka uleule ulikuwa wa ukame mkubwa, na uchumi wa nchi nyingi alizopita ulikuwa taabani.

Kifani, hapa ndipo kitabu hiki kinapoupita Full Tilt. Katika kitabu cha kwanza mwandishi anakwenda kwenye ndoto yake na njia inamtimizia. Katika cha pili njia inamnyima alichokitaka na kumpa asichokiomba. Mwenyeji anaacha kuwa mtoaji wa chai na mkate tu, akawa mtu mwenye neno la kusema, na neno hilo linabadili mpango wa mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vijiji vya mwaka 1992 methali hiyo ilikuwa na uchungu wake. Dawa za kuufubaza ugonjwa, ambazo baadaye ziliwarudishia wengi maisha, hazikuwa zimepatikana. Mgeni hakuwa na cha kumponya mwenyeji isipokuwa sikio. Sifa kuu ya Murphy ni kwamba alilitoa sikio hilo.

Kadhalika hakukubali kuufanya ugonjwa kuwa sababu ya kuyalaumu maumbile au tabia za Waafrika. Anayatilia shaka maendeleo yanayoletwa kutoka Magharibi na misaada inayofuatana nayo, na anaona umaskini unavyomfungulia ugonjwa mlango. Msomaji wa Kenya anayekumbuka kwamba mwaka 1989 wagonjwa wa hospitali za serikali walianza kutakiwa kuchangia gharama za matibabu atauelewa uzito wa shaka hiyo.

Hata hivyo, pana kasoro ambayo idara ya lugha haiwezi kuifumbia macho, nayo ni ya lugha. Murphy hakuwa mwanafunzi wa lugha za nchi alizopita, na mazungumzo yake mengi yalifanyika kwa Kiingereza. Wanaosema katika kitabu, kwa hiyo, aghalabu ni wale waliosoma: walimu, wauguzi, watumishi wa makanisa, maofisa na wafanyakazi wa mashirika. Mkulima na mwenye kibanda cha chai huonekana, na mara nyingi husikika kupitia kwa mwingine. Baiskeli ilimfikisha mwandishi mlangoni mwa watu wote, lakini lugha ilimchagulia mlango wa kuingia. Ukaribu wa mwili haukuwa ukaribu wa ulimi.

Jina la kitabu lenyewe ni ushahidi. Neno ukimwi liliundwa kwa kukata maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Ni neno zuri, limetungwa kwa ustadi, na ni neno la redio, zahanati na mabango. Lakini watu waliokuwa wakiuguza na kuzika walikuwa na maneno mengine. Katika mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Waganda waliuita Slim kwa sababu ya kukonda kwa wagonjwa. Kwingineko ilisemwa kwamba fulani amekanyaga miwaya, au ana mdudu. Maneno haya si ujinga wa kukosa istilahi. Ndani yake mna hofu, mzaha wa kujikinga, aibu, na historia nzima ya biashara ya magendo mpakani. Anayesikia ukimwi amesikia jina la ugonjwa. Anayesikia Juliana ameanza kusikia habari ya wale walioupata, walivyodhani umekuja, na nani alilaumiwa.

Hapa si mahali pa kumlaumu mwandishi kwa kutojua lugha za nchi sita. Linalodaiwa ni kwamba msomaji atambue aina ya ushahidi alioshika mkononi. Kitabu hiki ni ushahidi wa kweli wa yale ambayo watu wa Afrika ya Mashariki na ya kusini walikuwa tayari kumwambia mgeni, kwa lugha ya kigeni, katika jioni moja. Huo si ushahidi mdogo. Lakini si ule ambao watu walipeana matangani.

Siku ya tatu

Je, Murphy mwenyewe aliwahi kufika siku ya tatu? Jibu limo katika kitabu chake kingine. Alipomaliza safari ya India mwaka 1963 aliiweka baiskeli kando, akaenda Dharamsala kufanya kazi miongoni mwa watoto wakimbizi wa Tibet. Alikaa huko kwa miezi, na mwaka 1966 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo, Tibetan Foothold. Kwa lugha ya methali, alipewa jembe na akalima. Katika kitabu hicho mna uchovu wa kazi isiyokwisha, mabishano juu ya misaada na wanaoigawa, na watoto wanaojulikana kwa maradhi na tabia zao. Hakina upepo na mteremko wa Full Tilt, wala hakisomwi sana kama hicho. Lakini mwenyeji ndani yake ana mwili mzima.

Ulinganisho huu unaithibitisha hoja iliyotangulia. Mwandishi ni yuleyule, mwaka ni uleule, huruma ni ileile. Kilichobadilika ni muda wa kukaa na kazi ya mikono. Hivyo kasoro ya masimulizi ya baiskeli si kasoro ya moyo wa mwandishi. Ni kasoro ya umbo. Utanzu unaohitaji kuondoka kila asubuhi ili hadithi iendelee hauwezi kuisimulia siku ya tatu, kama vile shairi la mistari minne haliwezi kuubeba utenzi.

Inafaa hapa kumkumbuka msafiri wetu, Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake yamo katika mkusanyo wa Velten, nayo yaitwa Safari yangu ya Urusi na ya Siberia. Salim hakuchagua njia, hakuchagua siku ya kuondoka, wala safari haikugharimiwa na mfuko wake. Alikuwa mtumishi. Lakini katika jina la masimulizi asema safari yangu. Kwa neno moja la umilikishi anaitwaa safari kutoka mkononi mwa bwana wake. Murphy alikuwa na uhuru wote ambao Salim hakuwa nao, na katika kitabu cha 1993 alifanya kinyume chake. Badala ya kuiita njia yake, aliiita kwa jina la msiba wa wenyeji. Mtumishi alijitwalia safari, na mtu huru akaitoa yake. Vitendo vyote viwili ni vya heshima, na vyote viwili vinamfundisha mhakiki kutazama jina kabla ya kurasa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba baiskeli katika masimulizi ya safari za mbali ni sehemu ya fani. Inaweka kimo cha jicho, mwendo wa sentensi, na muda wa kila mhusika. Kwa Stevens haikuzuia kiburi, na kwa Nowak iliungana na ufukara ikazaa ushahidi dhidi ya ukoloni. Kwa Murphy ilizaa kwanza kitabu cha furaha, kisha kitabu cha msiba, na kile cha msiba ndicho kizito zaidi kwa sababu wenyeji wamefaulu kumgeuza mgeni njia.

Mpaka wake pia umeonyeshwa. Mtu aliyepita kwa jioni moja, asiyejua lugha ya nyumbani, ana haki ya kutoa ushahidi juu ya ugonjwa wa watu, maadamu ushahidi huo unasomwa kama wa mpita njia. Hatari huanza pale sisi wenyewe tunapouchukua kuwa ndio habari yote. Dervla Murphy alifariki Mei 2022, na kitabu chake hakitabadilika tena. Lakini waliompa chai mwaka 1992, ambao wengine wao walikuwa wakiwauguza ndugu zao chumba cha pili, hawakuandika upande wao. Wengi wamekwisha kufa, na waliosalia wanazeeka.

Kazi iliyobaki, basi, ni ya wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Sura za The Ukimwi Road zinazohusu Kenya na Tanzania zifasiriwe na kusomwa katika vijiji vilivyo kando ya njia ile, na majibu ya wasikilizaji yaandikwe. Waendeshaji wa zamani wa Busia, waliowabeba wagonjwa na maiti kwenye keria zao, waulizwe habari za miaka hiyo kwa lugha yao na kwa maneno waliyoyatumia wenyewe. Hao nao walikwenda masafa marefu kwa baiskeli katika nchi ngumu. Tofauti ni kwamba jioni walirudi nyumbani, na kesho yake, na kesho kutwa, walikuwapo.